Meupe Mpaka Chini

Mama Pasi hakuwahi kushindwa na doa. Wino, kutu, mafuta ya gari, rangi ya mdomo kwenye kola ya mume wa mtu: vyote vilipita mikononi mwake na vyote vilisalimu amri. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu ya pasi yake nzito ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, naye alilipokea kama cheo. Kwa hiyo maji ya kidimbwi cha nyuma ya nyumba yalipoanza kugeuka kijani, hakushtuka. Alikunja mikono ya gauni, akachukua brashi.

Kidimbwi kilikuwa kazi ya mumewe. Mzee alikuwa fundi saa, na mtoto wa jicho alipoanza kumfunga macho yote mawili, akawa hawezi tena kushika skrubu bila kuiangusha. Alinuna siku nyingi. Halafu asubuhi moja akachukua jembe, akachimba shimo kati ya kamba za nguo na ukuta wa jirani, akalitandika turubai la plastiki, akapanga mawe pembeni kwa kupapasa. Ukisimama ndani, maji hayakuvuka goti. Akatia samaki watatu wa rangi ya chungwa na fungu la majani ya majini.

"Saa zimenishinda," alisema. "Acha niangalie kitu kisicho na haraka."

Lakini kuangalia kwenyewe ndiko kulikokuwa kumekwisha. Samaki walipozoea makao yao, yeye alikuwa akiona mng'ao tu, kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha bafu. Ikabaki kuuliza. Kila jioni aliketi kwenye stuli kando ya maji, mkewe akikunja shuka zilizokauka, naye akauliza:

"Maji vipi leo, mama?"

"Meupe. Meupe mpaka chini. Naona kila jiwe."

"Na yule mnene?"

"Anamfukuza mwenzake, kama kawaida yake. Hana adabu yule."

Mzee alicheka hadi mabega yakatikisika. Mwanzoni ilikuwa kweli tupu. Baadaye maji yakawa kijani kiasi kwamba yule mnene mwenyewe haonekani mpaka apande kuvuta hewa, na Mama Pasi akaendelea vilevile, kwa sauti ileile anayowaambia wateja kwamba shati litakuwa tayari kesho. Angefanyaje? Kicheko kile ndicho kilichokuwa kimebaki.

Siyo kwamba alikaa tu. Kila alfajiri alimwaga maji yote, akasugua turubai na mawe, akasuuza, akajaza upya. Ndivyo usafi unavyofanywa. Majani ya majini aliyang'oa mapema kabisa. Yanateleza, yana matope, ni uchafu kwa sheria yoyote ile. Aliyatupa kwenye karai kuukuu lililojaa maji ya mvua chini ya upenu, akayasahau. Baada ya kusugua, kidimbwi kiling'aa kama glasi ya wageni. Haukupita muda kijani kikarudi, tena kwa kiburi zaidi.

Kisha zamu ya mzee ikafika hospitali. Jicho moja likafanyiwa upasuaji, likafungwa bandeji. Ingetolewa Ijumaa.

"Nikifunguliwa, kitu cha kwanza ni kidimbwi changu," mzee alitangaza mezani. "Wewe nimeshakuona miaka yote, utasubiri."

Mama Pasi alicheka naye, akaanza kuondoa vyombo kabla hajamaliza kula.

Wifi yake, mdogo wa mzee, alipokuja kumjulia hali kaka yake, alipita nyuma ya nyumba na kusimama akitazama.

"Wifi, hili bwawa au supu ya mboga?"

"Punguza sauti! Kaka yako kafungwa jicho, hakufungwa masikio."

"Si umwambie tu? Maji yameharibika, basi. Nani amekufa?"

Mama Pasi alimvuta hadi chumba cha kufulia, akafunga mlango.

"Nimwambie, halafu? Tangu macho yazibe, mtu yule anaona kwa mdomo wangu. Mvua inavyotanda, sura za watoto wa jirani, nani kanenepa, nani kakonda, yote kayapata kwangu. Akigundua nilimdanganya hili moja, si ataanza kujiuliza mangapi mengine?"

Wifi aliufungua mlango taratibu, wakarudi kidimbwini.

Ndipo Mama Pasi alipofanya kitu ambacho mfua nguo peke yake angekifikiria. Alivua samaki kwa chujio, akawaweka kwenye lile karai la upenuni, kisha akatoa kwenye rafu kichupa cha buluu ya kufulia.

"Usiniambie," alisema wifi.

"Shati jeupe likianza kuwa la manjano, natia buluu kidogo, linarudi jeupe. Nimefanya hivyo maisha yangu yote."

"Hilo ni shati!"

Akatia. Akakoroga kwa fimbo. Kijani kikakutana na buluu, wala havikugombana, vikaoana palepale. Maji yakawa na rangi ya ukuta wa wodi. Wifi alicheka hadi akalazimika kukalia ndoo iliyopinduliwa.

"Sasa utamwambia nini? Kwamba ni bahari?"

"Nenda kwako."

Kesho yake asubuhi, alipokwenda kutazama maafa yake, Mama Pasi alikuta kitu kinaelea juu ya maji. Akainama. Mkate. Siyo chembe zilizopeperushwa na upepo. Vipande vilivyomegwa kwa vidole, vingi, vimevimba na kuanza kuoza pembezoni. Jirani hawezi kutupa hivyo. Akageuza macho kwenye kamba ya nguo, ile ambayo mzee huishika akitoka mlangoni ili asipotee njia.

"Haa," alisema peke yake. "Kumbe."

Akaenda upenuni kuangalia samaki, moyo ukiwa juu, maana karai lile lilikuwa halijasuguliwa tangu alipoliweka pale. Samaki wote wazima. Yule mnene alikuwa anamfukuza mwenzake kuzunguka majani, na majani yenyewe yalikuwa yametoa mizizi mirefu myeupe kama nyuzi za pamba. Na maji! Aliona kutu chini ya karai. Aliona kifungo cha shati kilichodondoka humo siku zilizopita, na matundu yake manne. Hakuna brashi iliyofika pale, hakuna jua kali, hakuna mkono uliomega mkate. Uchafu alioung'oa na kuutupa ndio uliokuwa ukimfulia maji, kimyakimya, bila hata sabuni.

Alijishika kiuno, akageuka kukitazama kidimbwi.

Ilikuwa Alhamisi. Alijua vizuri anachoweza kufanya: amwage, asugue, ajaze, na kesho mzee akute maji yanang'aa. Uongo ungekuwa kweli kwa siku mbili tatu. Halafu kijani kingerudi, na safari hii mzee angekitazama kikirudi kwa jicho lake jipya. Alichukua brashi, akaipima mkononi kama anayeaga. Akairudisha kwenye msumari wake. Akapeleka nusu ya majani kidimbwini, akayalaza taratibu, akatandaza shuka kuukuu juu ya kamba ili kivuli kiangukie maji, akaondoka.

Ijumaa mzee alirudi na wifi kutoka hospitali, bandeji imetoka, jicho jekundu kidogo lakini wazi. Alimtazama mkewe mlangoni kwa muda, akamgusa shavu, akapita moja kwa moja hadi nyuma. Hakushika kamba.

Alisimama juu ya kile kitu cha kijani na buluu, akainama kukitazama.

"Meupe mpaka chini," alisema hatimaye. "Kila jiwe."

Mama Pasi alianza kunyoosha shuka kwenye kamba. Ndipo mabega ya mzee yakaanza kutikisika.

"Unacheka nini?"

"Mama, nani anasugua maji meupe kila alfajiri? Nilikuwa nasikia brashi kitandani. Na mkono nimeutia humo mara ngapi, unateleza kama sabuni!"

"Ulijua? Na kila jioni unaniuliza?"

"Nilitaka kujua yule mnene kafanya nini."

Wifi aligeuka upande, akajifanya anaanua taulo.

"Vizuri," alisema Mama Pasi. "Na mkate?"

Kicheko kilikatika. "Mkate gani?"

"Uliovimba. Ulioozesha maji yangu huku mimi nikivunja mgongo kusugua."

Mzee alikuna kichwa. "Nikitupa, nawasikia wanadonoa. Ndivyo nilivyojua bado wapo. Juzi nikatupa, kimya. Nikaongeza. Kimya. Nikaongeza tena." Akashusha sauti. "Kosa langu, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Wapo kwenye karai, njoo uwaone."

Wakainama pamoja chini ya upenu. Mzee aliangalia samaki, majani, kutu, kifungo. Alikihesabia matundu kwa sauti, kama fundi. Kisha akamgeukia mkewe, jicho limejaa maji.

"Haya. Mimi nimeomba msamaha wa mkate. Zamu yako."

"Zamu yangu ya nini?"

"Uongo wa kila jioni."

Mama Pasi alijifuta mikono kwenye gauni.

"Huo siombi msamaha," alisema. "Leo siombi, kesho siombi. Sogea, unaniwekea kivuli, nataka kukitoa kile kifungo."