Ndoto ya Mwingereza Kwenye Ngozi ya Ngoma

Dokta Mwanamkuu aliteremka treni ya Tabora akiwa na mafua makali na sanduku la picha za maandiko ya kale ya Kiingereza. Alikuja pia na ahadi: mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita angekwenda naye Dar es Salaam likizo nzima, akamsaidie kuyasoma maandiko hayo chuoni kwake. Veneranda, binti wa mkulima wa tumbaku wa Usoke, aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyopata kuutaka wali wa Jumapili.

Vipindi vya Dokta viliangukia baada ya maharage ya mchana. Aliwaeleza kwamba washairi wa karne zile walikuwa na desturi ya kulala kando ya kijito, na wakiwa usingizini wakaoteshwa shairi zima. Darasa likawaiga washairi kwa uaminifu mkubwa. Modest, aliyeketi dawati la mbele, alikoroma kwa adabu. Veneranda peke yake alikuwa macho, ingawa naye aliota. Dirishani vumbi jekundu lilikuwa likiinuka polepole juu ya njia ya zamani ya misafara, na ndani ya vumbi aliona watu wenye mizigo mabegani wakipita bila kishindo, kana kwamba ardhi ilikuwa pamba.

"Zamani washona vitabu walikata ngozi zilizoandikwa wakakazia majalada," Dokta alisema. "Huenda hata hapa, katika vitabu vya wamisionari, kipande kimelala kinanisubiri."

Alisema kwa kiu kubwa kiasi kwamba Veneranda aliona ni dhambi kumwacha mgeni hivyo.

Ngoma ya kwaya ilikuwa imepasuka. Akakata ngozi yake, akaikwangua kwa kisu, akailoweka siku nzima katika maji ya tumbaku ya nyumbani hadi ikapata rangi ya uzee. Rafiki yake Tunu alisimama mlangoni kulinda.

"Wee Vene, ukikamatwa mimi sikujui."

"Unanijua tangu kidato cha tano."

"Nitasahau."

Veneranda aliiga herufi za kwenye picha za Dokta, akabandika e mwishoni mwa kila neno, maana alishaona Waingereza wa kale hawakuwa wachoyo wa e. Mshairi wake akalala kando ya mto. Lakini aote nini? Uingereza ya kale ilimwishia Veneranda kwenye mstari wa nne. Hapo akaanza kuchota alichosikia nyumbani, wakati wa kufunga majani ya tumbaku. Mwingereza akaota msafara unaokwenda machweo, na mbele yake kirangozi, kiongozi wa njia, mwenye manyoya kichwani. Atakayemtangulia hata hatua moja hunyang'anywa mshale, na haupati tena mpaka aukomboe kambini.

Akaigandisha ngozi ndani ya jalada la kitabu cha sala cha Kilatini. Kwa kuwa yeye ndiye aliyepangiwa kufuta vumbi maktaba, Jumatano akampelekea Dokta kitabu hicho kwa mikono miwili.

Alitazamia kicheko. Dokta alivua miwani, akalia.

"Miaka kumi na tisa natafuta," alisema. "Jumamosi nitaisoma mbele ya wazazi na wenzangu wa chuo. Na wewe mwanangu, uliyeniletea, nafasi ni yako."

Tangu saa ile Veneranda akawa anaelea. Kengele zililia mbali, uji haukuwa na ladha, na kila alipotazama dirishani msafara ulikuwa umesimama. Watu wote walikuwa wamegeuka, wanamtazama yeye. Ijumaa saa kumi alasiri akabisha hodi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Ingia, mwenzangu wa safari."

"Dokta, ile ngozi inanuka tumbaku."

"Kwa mafua haya sinusi hata papa."

"Inanuka. Nawe umesema ina miaka mia sita. Wakati huo Mwingereza gani alikuwa ameiona tumbaku? Ilitoka Amerika, baadaye sana."

Dokta alitabasamu. "Hoja nzuri! Lakini mmisionari akivuta kiko juu ya kitabu, je? Lete nyingine."

Veneranda alishangaa. Uongo aliojenga kwa siku mbili, msomi alikuwa ameshaupiga lipu na kuuezeka bati. Akatoa chini ya sweta ukingo wa ngozi uliobaki kwenye ngoma, akaulaza kando ya ile ya Mwingereza. Vikaungana kama sahani iliyovunjika, tundu za kamba zikafuatana.

Treni ikalia stesheni.

"Umeandika wewe?"

"Mimi, Dokta."

"Mimi Mzaramo, wewe Mnyamwezi. Watani." Dokta alianza kucheka, kisha akavua miwani. "Lakini kesho ningesimama pale mbele ya watu, mtani wangu. Ungeketi ukinitazama?"

Veneranda alizitazama tundu za kamba.

"Nafasi nimeifuta. Nitakwenda na Modest. Yule hajapata kunidanganya, maana hajapata kuwa macho."

"Ndiyo, Dokta."

Alikuwa ameshashika kitasa aliposikia, "Huyu kirangozi na mishale yake, umemtoa kitabu gani?"

"Hayumo kitabuni. Ni maneno ya mama mkubwa Yustina, kule Usoke."

Dokta aliivuta ngozi karibu, akaisoma upya, taratibu, kidole kikifuata mstari. "Akitangulia, aliimba au alinyamaza?"

Majibu matatu yalimjia Veneranda papo hapo, yote mazuri, moja lina hata kiitikio. Akayameza.

"Sijui, Dokta."

Dokta Mwanamkuu akafungua daftari, akaandika: hajui. Akapiga chafya, kisha kwa mguu akamsogezea kiti.