Mizizi ya Bibi yake Raudha

Atupele alikuwa na wivu, tusifichane. Miaka sita yuko kwenye maabara ile ya Kibaha, anajaribu dawa za mitishamba dhidi ya bakteria wa vidonda, na katika majani yote aliyoyasaga hakuna lililoua hata mdudu mmoja. Halafu anakuja Raudha, mwaka hajamaliza, na mizizi ya bibi yake wa Kurui, kule Kisarawe. Siku ya kwanza tu, bakteria chali! Kila kikaratasi alichokilowesha dawa na kukiweka kwenye sahani ya bakteria kilizungukwa na duara safi, bakteria wote wamekufa. Na nafasi ya kwenda kusoma shahada ya pili ilikuwa moja.

"Shikamoo dada Atupele, njoo uone!"

"Marahaba. Nimeona," akajibu, wala hakusogea.

Kumbe alikuwa ameona zaidi. Raudha na papara zake hakusubiri vikaratasi vikauke. Dawa ile huchanganywa na spiriti, na spiriti ambayo haijakauka inaua bakteria hata bila mizizi. Loo, Atupele alifurahi jamani! Alitaka amuumbue mbele ya Dokta Telesphory, mkuu wao.

Alhamisi akarudia jaribio mwenyewe, kimyakimya. Akavikausha vikaratasi mpaka harufu ya spiriti ikaisha. Akaongeza kimoja kilicholoweshwa spiriti tupu, nacho akakikausha. Ijumaa asubuhi akazitoa sahani. Cha spiriti hakikuua kitu. Cha mizizi kilikuwa na duara kubwa kuliko la Raudha.

"Shenzi!" alifoka peke yake. Akapima kwa rula. Milimita ishirini na nne. Akapima tena, ishirini na nne ileile. Angeitupa sahani ile, nani angejua? Ndoo ya taka ilikuwa hapo miguuni. Alisimama weee, roho inamuuma. Lakini kazi hii aliipenda kabla ya kumjua Raudha. Akaipeleka kwa Dokta, akaeleza yote.

Dokta Telesphory aliitazama sana ile sahani.

"Majibu ya Raudha niliyakataa juzi," alisema. "Niliona hakukausha. Barua ya masomo nimeshaiandika kwa jina lako." Akaichukua mezani, akaichana. "Sasa umethibitisha dawa yake inafanya kazi, nafasi ni yake. Asante sana, Atupele."

Raudha aliposikia alimrukia shingoni, analia kwa furaha. "Mungu akulipe, dada!"

"Amina," akasema Atupele, na alitamani kumsukuma.