Okidi za Mteremko wa Machimbo

Dada mtu alikuwa meneja wa duka la vigae, na bustani yake juu ya paa la nyumba ilikuwa kama wodi ambayo hakuna mgonjwa aliyewahi kutoka kwa miguu yake. Mdogo wake, mwalimu wa biolojia wa sekondari, alikaa chumba cha chini. Kila mmea ulipokufa alimcheka, mara kimoyomoyo, mara kwa sauti.

Siku dada alipopandisha ngazi ndoo iliyojaa okidi za mwitu, mwalimu hakucheka. Alizijua. Ziliota nyuma ya machimbo ya mawe tu, kwenye mteremko ambao hata mbuzi husita kuupanda.

"Umezing'oa?"

"Nimeziokoa," dada alijibu, huku akiosha mizizi kwa sabuni ya vyombo. "Zilikuwa kwenye changarawe, maskini. Tazama ukungu huu, uchafu mtupu."

"Ukungu huo ndio mlezi wake! Mbegu ya okidi ni vumbi, haina akiba yoyote. Kuvu hiyo ndiyo huilisha mpaka itoe jani. Na huku paani nani atachavusha? Ni nondo wa aina moja tu anayefikia asali yake, naye anaishi kulekule."

"Kengele imeshalia, mwalimu. Darasa limekwisha."

Dada akazimwagia mbolea. Majani yakageuka manjano, kisha yakalegea kama kamba za kiatu kilicholowa. Akalaumu mvua, akalaumu jicho la jirani, akachukua tena ndoo. Chama cha wapenda maua kilikuwa kinakuja kumtembelea, na okidi alishazitangaza.

Mwalimu angeweza kubishana naye tena. Angeweza kumshika mkono akampeleka mteremkoni. Lakini kumdharau mtu ni kazi nyepesi kuliko kumfundisha, na yeye alikuwa amefundisha kutwa nzima.

"Achana na hizo, dada, ni za kawaida," alisema, uso mkavu. "Adimu ziko nyuma ya ghala bovu. Zina vishada vya njano na waridi. Zinavumilia kila kitu."

Lilikuwa gugu. Gugu la kigeni, lenye majani ya kukwaruza, linalofunika uzio na kuua kila kilicho chini yake. Dada akalileta, akalipanda kwenye chungu kikubwa, nalo likanawiri kama mpangaji asiyedaiwa kodi.

Wanachama walikuja wamevaa kofia pana. Wote walikuwa wamepita mbele ya gugu hilo maisha yao yote, lakini nani angethubutu kulitambua limekaa kwenye chungu cha kauri? Mmoja wao, daktari wa meno, alilizunguka, mikono nyuma.

"Hii nimewahi kuisoma mahali," alisema.

Wakaomba vipandikizi. Dada wakamchagua mwenyekiti. Mwalimu alijifungia chumbani, akacheka hadi mbavu zikamuuma, na kesho yake akawahadithia walimu wenzake.

Gugu likazaa vitunda vyeusi. Ndege wakala, na ndege hawajui utani.

Mvua zilipoanza tena mwalimu alikwenda machimboni. Viazi vya okidi hulala ardhini kiangazi kizima, na yeye hupenda kuziona zikiamka. Ziliamka, ila si peke yazo. Chini ya kila tawi ambapo ndege hutua, gugu lilikuwa limesimama limezinyima jua.

Jioni alipanda paani akasema kila kitu. Dada alimsikiliza hadi mwisho, mkono kwenye bomba la maji.

"Kwa hiyo wameniita bingwa kwa sababu ya gugu."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa chini unacheka."

"Nilicheka, dada."

"Ungeniambia mara ya pili tu. Mimi ni mbishi, si kiziwi." Akafunga bomba, akaingia ndani bila kumtazama.

Hawakuongea wiki nzima. Mwalimu alikuwa amepiga magoti mteremkoni, anang'oa gugu peke yake, aliposikia changarawe ikiporomoka. Dada alikuwa anashuka na viatu vyake vya kazini, huku akishikilia kila jiwe na kulilaani.

Alitazama ua moja jeupe, dogo kama kucha. "Ndizo zile nilizoziosha?"

"Ndizo."

"Ndogo hivi."

Akainama, akashika shina la kwanza lililokuwa karibu, akavuta. Lilikuwa la okidi. Mwalimu alifumbua kinywa. Neno kali lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Akarudisha kiazi shimoni, akakifunika kwa udongo uleule, kisha akachukua kidole cha dada yake akakipitisha juu ya majani mawili.

"Likikwaruza, ng'oa. Likiteleza, liache."

"Hili?"

"Linakwaruza."

Dada akang'oa na mzizi wake wote. "Gugu la paani tutaliongelea," alisema. "Usiniharakishe. Mimi bado ni mwenyekiti."