Tembo wa Mlango wa Nyuma

Nyie wenye nyumba za barabarani, haya ni yenu. Yalimkuta Hinmenike wa mjini Kandy, mwezi wa Esala, mwezi wa sikukuu, mwaka ule binti yake Thushari aliporudi kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo kawaida yetu.

Wiki ile mji ulikuwa haulali. Mafundi wa umeme walikuwa juu ya ngazi wakipandisha nyaya, ili tembo atakayebeba sanduku la Jino Takatifu la hekalu letu apite bila kunaswa. Shule zilifungwa, madarasa yakajaa askari walioletwa kutoka wilayani, wakianika soksi madirishani. Kingo za barabara zilipakwa chokaa. Magunia ya mbata za kuwashia mienge yalirundikwa kila pembe, mji mzima ukanuka nazi. Turubai la kutandika kando ya barabara ulikuwa hulipati hata kwa kupiga magoti.

Na mume wake Hinmenike, Mzee Ukkubanda, alikuwa nje na nyundo. Wakwe wa Thushari walikuwa wanakuja kutoka Matale, ukoo mzima, kuangalia perahera, yale maandamano ya usiku ya tembo. Ukkubanda hakutaka wakae chini kwenye turubai kama watu wasio na kwao. Akawajengea jukwaa la ngazi ngazi mbele ya nyumba, na kwa kuwa halikuwa na pa kushikilia, akalipigilia kwenye fremu ya mlango kwa misumari mirefu.

"Baba Thushari," Hinmenike aliuliza kutoka ndani, "mlango uko wapi?"

"Uko hapo hapo, nyuma ya mbao."

"Mlango ulio nyuma ya mbao ni ukuta."

"Sasa wakwe nikawakalishe wapi, kichwani kwako?"

Fundi aliyekuwa akimsaidia alicheka mpaka akadondosha misumari. Hinmenike hakucheka. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane, na kliniki walimwambia Thushari mbele yake: mtoto amekaa chini mno, ukisikia uchungu usingoje, njoo.

"Mtoto huyu akitaka kuja je?"

"Mlango wa nyuma unafanya kazi gani? Mama Thushari, wewe unaogopa mpaka kivuli cha kuku."

Basi. Mlango wa nyuma kweli ulikuwepo. Ulitokea jikoni na kuingia kwenye kichochoro chembamba: mbele na kushoto kimezibwa na ukuta mrefu wa mawe unaozuia mlima, upande wa kulia kinateremka hadi kwenye uwazi ambapo kila mwaka watu wa huduma ya kwanza wanasimika hema lao jeupe. Hinmenike akajiambia, hema si lile pale? Akatulia kidogo.

Siku ya mwisho ya perahera, asubuhi, alisikia minyororo jikoni. Akachungulia. Kichochoro chote kilikuwa tembo.

"Mama, samahani sana," ilisema sauti kutoka nyuma ya sikio la yule mnyama. Akatokea mchungaji wake, mwanamume mfupi mwenye masharubu, akajitaja: Sirisoma, ametoka Kegalle. "Kule hekaluni tumejaa. Mzee mmoja wa kamati kaniambia nimweke kwenye kivuli mpaka mzinga wa kuanzisha maandamano ulie. Huyu hana neno. Anaitwa Mutu. Mama ukisema niondoke, naondoka."

Hapo ndipo pa kusema. Na hapo ndipo mwanamke wa Kandy hawezi kusema. Tembo wa perahera akija mlangoni kwako ukamfukuza, hujamfukuza tembo, umefukuza baraka, na jirani watakuhesabia hivyo mpaka unakufa. Hinmenike, aliyegombana na mumewe juu ya mlango wa mbele, alikwenda mwenyewe akachukua mkungu wa ndizi na kipande cha sukari guru, akampa Mutu kwenye mkonga, akaunganisha viganja na kuinamisha kichwa.

"Karibu, baba," akamwambia tembo.

Thushari alikuja jikoni anapepesuka na tumbo lake, macho yanang'aa. "Mama! Nipite chini yake! Si wanasema mwenye mimba akipita chini ya tumbo la tembo mara tatu anajifungua kama anayepiga chafya?"

"Rudi ndani."

"Mama, mara tatu tu."

"Hata mara nusu! Lile ni tumbo, si daraja. Akiamua kukaa je?"

"Hakai, mama yangu," alisema Sirisoma akitabasamu.

"Wewe baba, nimekupa kivuli, usinipe ushauri."

Sirisoma alimfunga Mutu mguu wa mbele na wa nyuma, akamwachia makuti ya mnazi, akateremka mtoni kuoga na kuchukua vazi lake la maandamano. Ilipofika adhuhuri barabara ya mbele ilikuwa imefungwa. Watu walikaa mabegani mwa wenzao, turubai juu ya turubai, watoto wamelazwa katikati ya sufuria za wali. Wakwe wa Matale walipanda jukwaani kwa ngazi ya nje, wakapigapiga mbao kwa makofi wakisifu kazi ya Ukkubanda. Yeye alikaa katikati yao kama bwana harusi.

Ndani kulikuwa giza. Jukwaa lilikuwa limekula mwanga wote wa sebuleni. Hinmenike alikuwa akichambua dengu aliposikia Thushari akiita, na ilikuwa sauti ya mtu aliyeona kitu sakafuni.

"Mama. Maji."

Alikimbia. Yalikuwa yamelowesha mkeka.

Alikwenda dirishani. Dirisha lina nondo, tulizitia sisi wote mtaani kwa ajili ya nyani, hakuna anayezikumbuka mpaka siku anayotaka kutoka. Akatoa mkono katikati ya nondo, akamshika mume wake kisigino.

"Shuka! Mtoto anakuja!"

Ukkubanda aligeuka na uso wenye kicheko, kicheko kikamwisha. Akaruka kwenye mbao za mlango na nyundo yake. Wanaume wa Matale wakashika na kuvuta. Ubao mmoja ukapasuka, jukwaa zima likayumba, bibi mmoja akapiga yowe, na watu waliokaa chini yake na watoto wao wakaanza kulia wasikanyagwe.

"Acha!" askari wa zamu alipiga kelele. "Mzee, acha, utaua watu! Walioko chini wasogee wapi? Nionyeshe pa kuweka hata mguu mmoja!"

Ukkubanda akaacha. Alisimama na nyundo mkononi, anautazama mlango wake mwenyewe, misumari aliyopiga yeye.

"Pitisheni nyuma," alisema kwa sauti ndogo. "Mama Thushari, mpitishe nyuma."

"Nyuma kuna tembo."

"Tembo gani?"

Hakujua. Asubuhi ile alikuwa ameenda kuwapokea wakwe kituoni. Hinmenike aliona haya kumjibu. Alisema tu, "Mtafute mchungaji. Sirisoma wa Kegalle. Yuko mtoni."

Mtu hawezi kupita pale, lakini neno linapita. Ukkubanda akamwambia wa mbele yake, naye wa mbele yake, na Hinmenike akalisikia linaondoka barabarani kama moto kwenye nyasi: Sirisoma wa Kegalle, mwanamke anajifungua, njoo kwa tembo wako. Likazidi kwenda mbali, likazama kwenye zogo la watu. Akabaki na kuta.

Akamketisha Thushari kwenye kizingiti cha jikoni. Mutu alikuwa amejaa pale, ubavu huku unagusa ukuta wa nyumba, huku unagusa mawe. Kati ya miguu yake, umbali wa kutupa jiwe, lilionekana paa la hema jeupe. Hinmenike aliita mpaka sauti ikakauka. Huko mwisho wa kichochoro wapiga ngoma walikuwa wanakaza ngozi za ngoma zao na kuzijaribu, nani amsikie?

"Mutu, baba, sogea," alimwomba. Tembo alitikisa sikio. Anamsikia mmoja tu duniani, na huyo hayupo.

Thushari alishika sketi ya mama yake kwa meno. Alipoachia alisema, "Mama, mimi siwezi kuzaa hapa kama paka."

"Huzai hapa."

"Tunakwenda wapi basi?"

Hinmenike alimfuta jasho na kitambaa cha vyombo, maana ndicho kilichokuwa karibu, na akasikia ule uchungu ukimjia binti yake upya, wa karibu zaidi kuliko ule wa kwanza.

Kisha sauti upande wa pili: "Hoo, Mutu! Hoo!" Ni Sirisoma, nywele zinachuruzika maji, nusu ya vazi jekundu begani.

"Mrudishe nyuma!" Hinmenike alilia.

"Siwezi, mama. Nyuma yake ni mawe. Mbele, huku kwangu, wapiga ngoma wamekaa mpaka ukutani, atawakanyaga. Akilala, ndiyo ameziba kabisa." Akainama, akatazama chini ya tumbo la mnyama. "Njia ni moja. Ile aliyoitaka binti yako asubuhi."

Hinmenike alitazama lile tumbo. Lilikuwa linapanda na kushuka polepole, limening'inia kama dari inayotaka kuanguka, na chini yake miguu minne na mnyororo.

"Natangulia mimi," alisema.

Sirisoma alisimama kichwani, shavu lake kwenye mkonga, akimnong'oneza mnyama maneno yasiyoisha. Hinmenike akapiga magoti, akaingia. Chini mle kulikuwa na joto la jiko na harufu ya majani yaliyochacha. Nywele ngumu za tumbo zilimkwaruza mgongo. Alinyoosha mkono nyuma, akapata vidole vya Thushari, akavuta. Katikati uchungu ulimkamata binti, akasimama pale pale kwa mikono na magoti, hawezi kwenda mbele wala nyuma, na mguu mmoja wa Mutu ukainuka kidogo, mnyororo ukalia.

"Hoo," alisema Sirisoma. "Hoo, mwanangu."

Mguu ukarudi chini, taratibu, mahali pale pale ulipotoka.

"Mara tatu, Mama," Thushari alihema gizani. "Ndiyo desturi."

"Nyamaza utambae!"

Walitokea upande wa pili wamejaa vumbi na makuti. Wapiga ngoma waliwabeba juu kwa juu mpaka hemani. Gari la wagonjwa lilikuwa pale, lakini barabara ilikuwa imefungwa, na halingeweza kuondoka hadi perahera yote imalizike kupita. Kwa hiyo mtoto alizaliwa kwenye kitanda cha turubai, mzinga ulipolia. Alikuwa wa kike, mdogo kama mkate, na hakulia. Muuguzi alimsugua mgongo, akamsugua tena, ndipo akatoa sauti nyembamba.

Wakamwekea hewa ya kumsaidia. Nje mijeledi ya wanaotangulia maandamano ililia, ngoma zikaja, tembo mmoja baada ya mwingine wakapita na taa zao. Tangu utoto Hinmenike alikuwa analia machozi sanduku la Jino linapopita. Safari hii alikaa ameshika kisigino cha mjukuu wake, anahesabu pumzi, akiomba yaishe, yaishe upesi, barabara ifunguliwe.

Ilifunguliwa. Mtoto yupo. Kifua chake kinabana kila msimu wa baridi.

Mwaka uliofuata Ukkubanda alileta mbao tena, za kujengea pembeni, aliapa. Hinmenike alitoa kiti, akakiweka katikati ya mlango wa mbele, akakaa na mtoto mapajani mpaka msumari wa mwisho. Wapita njia walimtania: "Mama, unalinda dhahabu?"

Minyororo ilipolia nyuma, alikwenda na mkungu wa ndizi. Alimlisha Mutu, akainamisha kichwa, akamuuliza Sirisoma habari za Kegalle. Kisha akamwelekeza kivuli kingine, kule juu kwenye shule, ambako hakuna mlango wa mtu.

"Jirani wataona, mama," alisema Sirisoma.

"Waone."