Matairi ya Dada na Matairi Yangu

Dada yangu na mimi tulikuwa hatusemezani tangu mazishi ya Baba. Alinisuta mbele za watu kwamba Baba alikata roho akiniulizia, nami niko dukani nauza vitambaa. Nikamjibu, na kwa majibu mimi sijambo.

Lakini gari la Baba lilibaki letu sote, fowili kuukuu inayovuta kwa magurudumu yote manne, na Mama alihitaji kupelekwa hospitali kusafishwa damu, maana figo zilikuwa zimegoma. Safari moja Dada, nyingine mimi. Matengenezo tuligawana kama mirathi: mbele kwa Dada, nyuma kwangu. Breki za mbele zikiisha, shauri lake. Difu ya nyuma ikivuja oili, shauri langu. Maagizo yalipitia kwa Mama.

"Mwambie mwanao rejeta haina maji."

"Mwambie mdogo wangu macho ninayo."

Basi asubuhi moja Mjomba akatupigia simu sote wawili: Mama amesema hospitali basi, apelekwe nyumbani kwa Mjomba akapumzike. Jamani, mgonjwa wa figo akisema anapumzika, anapumzika nini? Nikafika mbio, nikamkuta Dada kapiga magoti sebuleni kwa Mama, anambembeleza. Mama kakaza uso.

"Nimechoka. Nipelekeni kwa kaka yangu."

Akatushinda, tukamkalisha kiti cha nyuma kwenda kwa Mjomba. Mvua ilikuwa imenyesha, uani tope tupu. Dada akaingiza ile gia ndogo ya fowili, tukatoka. Kufika kwenye lami, gia ikakataa kutoka. Usukani mzito, matairi yanalia kila kona, gari linajikaza kama mbuzi anayeburutwa. Dada akasimama mbele ya gereji ya fundi tunayemwita Spana.

Spana akalizunguka gari, akaguna. "Haya ya mbele kanunua nani?"

"Mimi," akasema Dada. "Mapya kabisa."

"Na haya ya nyuma, vipara vitupu?"

Yangu hayo. Biashara ilikuwa mbaya, nifanyeje?

"Dada zangu, gari hili ni moja au mawili? Fowili inataka matairi yote yalingane. Haya yenu kwenye lami yanavutana mpaka gia inabanwa. Mmoja arudishe gari nyuma polepole, limenyooka, mwingine avute gia. Mimi nazuia magari huku. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, sisemi zaidi."

Dada akashika usukani, mimi gia kwa mikono miwili.

"Vuta!"

"Navuta! Kanyaga klachi!"

"Nimekanyaga, huoni?"

"Nyoosha usukani basi! Tangu utotoni hujui kunyoosha kitu!"

"Na wewe tangu utotoni mdomo tu, mikono hakuna! Vuta, wewe!"

Gia ikachomoka ghafla, nikaangukia mlango. Ndipo tukasikia kwikwi kule nyuma. Mama alikuwa analia.

"Tusamehe, Mama," Dada akasema. "Tunanyamaza."

"Mkinyamaza nashuka! Gombaneni, wanangu. Kinachoniua si figo, ni huku kubebwa kimya kimya kama maiti, huyu ananishusha, yule ananipokea. Nikalale pale kwenye mashine niongeze siku, siku za nini? Za kusikiliza kimya chenu?"

Machozi yakanitoka, nisiseme uongo.

"Dada," nikasema. Neno lenyewe lilikuwa zito mdomoni. "Baba alikuwa akiniulizia kweli?"

"Mpaka mwisho." Aliendelea kutazama mbele, mikono kwenye usukani. "Lakini si hilo lililoniuma. Nilikuwa peke yangu naye, na niliogopa. Nilikutaka wewe."

Nikamshika mkono, naye akaubana mpaka vidole vikauma. Spana huko nje alikuwa akitupungia kwa nguvu, magari yamejaa nyuma yake, honi juu ya honi.

Mama akajifuta uso, akafunga mkanda wake.

"Haya, mtalia njiani," akasema. "Geuza gari, twende hospitali, mashine haingoji mtu."