Makopo ya Foleni

Asubuhi mapema mshona nguo wa chumba cha mwisho alitoka na kopo lake la maji, akakuta foleni ya choo imefika hadi kisimani. Si mbali, kwani mwenye nyumba alichimba vyote viwili kona moja ili uani pasijae mashimo. Choo ni kimoja, vyumba kumi na viwili, kwa hiyo pale mtu hapangi foleni, anapanga kopo. Kopo likiwepo, mwenyewe yupo, hata kama karudi kulala.

Kopo la mbele kabisa lilikuwa la mumewe, lile la rangi lenye mpini wa waya. Mumewe aliuawa na tumbo la kuhara mvua zilizopita. Alikuwa amechuchumaa pembeni pamoja na marehemu wenzake wa mvua zile zile.

"Kumbe huko hakuna vyoo?" aliuliza mkewe.

"Vipo, tena safi. Ila tulikufa tukingoja zamu, na zamu yetu iko hapa."

Wapangaji walinuna. Wafu wakishaingia hawatoki upesi, hawana pa kuwahi.

"Wewe umeshakufa, kinakubana nini?" alifoka dereva wa lori, kajikunja kama ndoana.

Mshona nguo hakuwa na muda wa ugomvi. Mgongoni alimbeba bintiye, Chiriku, ambaye tangu jana alikuwa anaharisha. Chiriku, mtoto asiyefunga mdomo hata usingizini, alikuwa kimya, na kimya hicho kilimtia mama yake hofu kuliko kitu chochote.

"Mpitishe," alisema baba mtu, akisogeza kopo lake. "Mimi nimeshazoea kungoja. Na hayo maji ya kisima, mchemshie."

Akachemsha. Siku chache baadaye Chiriku alikuwa akiwasimulia marehemu habari zote za mtaa, hata wasizouliza.

Wapangaji wakamwita mwenye nyumba, wakamwomba choo cha pili, mbali na kisima. Mwenye nyumba aliwatazama wafu, akatabasamu.

"Choo kingekuwa kibaya, hawa wangekirudia?"

Hata hivyo si mtu wa roho mbaya, alileta brashi akaandika ukutani: WALIO HAI huku, MAREHEMU kule. Utaratibu ulipendeza. Wageni walikuwa wakisifu.

Kisha mvua zikaanza, uani pakajaa maji, kuni zikalowa chepechepe, hazishiki moto. Asubuhi moja mshona nguo alikuta kikopo chekundu cha Chiriku kimepangwa upande wa marehemu, nyuma ya lile la rangi.

"Sikukiweka mimi," alisema mumewe, bila kumtazama usoni.

"Najua, baba Chiriku."

Akakiokota, akakirudisha kwa walio hai, akakigandamiza kwenye tope ili kisisogee. Chumbani Chiriku alikuwa ameamka, anaita maji ya kunywa. Mama yake akachukua ndoo, akaenda kisimani.