Bwana Ratiba na Salamu za Alfajiri

Ofisini walimwita Bwana Ratiba, na yeye, badala ya kukasirika, akalichukua jina hilo kama cheo. Kazi yake ilikuwa kukagua madai ya bima ya magari: kutwa anatazama picha za taa zilizovunjika na bampa zilizobonyea, akiamua nani kagongwa na nani kajigonga mwenyewe. Lakini kazi aliyoipenda ni ile ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Kila Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, aliwakusanya wafanyakazi wapya kwenye chumba cha mikutano na kuwafundisha jinsi kijana mwenye shughuli nyingi anavyoweza kuishi vizuri bila kupoteza muda.

Siku hizi akiyasimulia hayo hujicheka mpaka anashika mbavu, na ana haki. Hebu mtazame mwalimu mwenyewe. Alinunua mashati ya buluu yanayofanana ili asubuhi asihangaike kuchagua. Haukupita muda, mama wa usafi akamwita pembeni, akamkabidhi shati la mumewe kwenye mfuko, akamwambia asione haya, kila mtu hupitia kipindi kigumu. Jumapili alipika maharage ya wiki nzima. Katikati ya wiki jokofu lote linanuka, naye anakula hivyo hivyo kaziba pua, maana ratiba imesema maharage. Akiwa bafuni alisikiliza vitabu vya sauti kwa kasi maradufu, mpaka naye akaanza kuongea kwa kasi hiyo hiyo na wateja wakawa wanamwomba arudie. Wanafunzi wake hawakuyajua hayo. Walimwona kanyooka, anawahi kazini, basi wakaandika kila alichosema.

Alhamisi hiyo somo lilikuwa wazazi. Na hapa Bwana Ratiba alijiona amewapita wote, maana suala la mama yake alikwisha kulimaliza.

Mama yake aliishi peke yake ng'ambo ya pili ya mji, na alikuwa mtu wa maneno. Ukimpigia kumsalimu, utaanza na afya, utapita kwa majirani wote, utamalizia na paka. Kwa hiyo mwanawe alitafuta programu ya simu inayotuma ujumbe yenyewe, akakaa jioni moja akaandika salamu nyingi kwa mpigo, akaiamuru iwe inamtumia mama moja kila alfajiri. Na kwa kuwa ni mtu makini, aliziandika kwa ujanja, zionekane kama majibu. "Shikamoo mama. Habari zako zimenifurahisha sana." "Kweli kabisa mama, hata mimi nilifikiri hivyo hivyo." "Usijali mama, yote heri." Majibu ya mama akayanyamazisha yasimpigie kelele. Mama akipiga mchana, simu ilimjibu yenyewe kwamba mwenyewe yuko kikaoni.

"Jamani, mzazi anachotaka ni kukumbukwa," aliwaambia wanafunzi wake, akiunganisha simu yake na ile mashine inayoonyesha picha ukutani. "Mimi mama yangu anapata salamu kila siku ya Mungu, hata nikiwa nimelala. Na sijawahi kumsikia analalamika. Tazameni."

Akafungua mazungumzo yake na mama, na ukuta mzima ukajaa.

Kwa muda alizungumza kageuzia ukuta mgongo, akieleza pa kubonyeza. Aliwasikia wanacheka, akafurahi. Kisha akasikia wamenyamaza, akafikiri wanaandika.

Waliokuwa mbele walikuwa wanasoma. Mama alikuwa ameandika kwamba dari inavuja juu ya kitanda chake. Mwanawe akajibu kuwa habari hizo zimemfurahisha sana. Mama alikuwa ameandika kwamba ameanguka kwenye ngazi, ila hakuumia sana, na kwamba amekuwa mzigo kwa majirani. Mwanawe akajibu kweli kabisa mama, hata mimi nilifikiri hivyo hivyo. Hapo ndipo walipocheka. Chini yake mama alikuwa ameandika: "Mwanangu nisamehe makosa ya herufi sioni vizuri. Alhamisi natolewa mtoto wa jicho hospitali ya macho. Hawanipokei bila mtu wa kunirudisha nyumbani. Utakuja?" Na chini ya hapo: "Usijali mama, yote heri."

Mama alikuwa amejibu: "Ahsante baba. Nitakungoja."

Msichana mpya wa mapokezi aliinua mkono. "Kaka, samahani," alisema. "Alhamisi si ndiyo leo?"

Bwana Ratiba aligeuka akasoma. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na mashine yake, lakini ardhi ya ghorofa ya tatu haimezi mtu, basi akatoka mbio akaiacha simu imeunganishwa ukutani, akarudi kuichukua, akajikwaa kwenye waya, akatoka tena. Hakumuaga bosi. Kwenye pikipiki alimwambia dereva aongeze mwendo, na dereva akamwomba arudie, hakusikia.

Hospitalini alimkuta mama yake ameketi kwenye benchi la mwisho la ukumbi, amevaa gauni la kijani la wagonjwa, mkoba mapajani, uso ameuelekeza mlangoni. Muuguzi alikuwa amesimama mbele yake na karatasi.

"Mama, nimekusubiria sana," muuguzi alikuwa anasema. "Wenzako wote wamekwisha kuhudumiwa. Bila msindikizaji lazima tukuahirishe, na nafasi nyingine sijui itapatikana lini."

"Nipo!" Bwana Ratiba alipiga kelele tangu mlangoni. "Nipo, dada. Mimi ni mwanawe."

Muuguzi alimtazama juu mpaka chini, jasho linamtiririka. "Vizuri. Mama anatumia dawa zozote?"

Yeye ndiye aliyejua dawa ya kuondoa doa kwenye kola na namna ya kukunja shati bila pasi.

"Sijui," alisema.

"Kuna dawa inayomdhuru?"

"Sijui, dada."

"Vidonge vya presha, nimeanza mwezi uliopita," mama alijibu, akimtazama muuguzi. "Kinachonidhuru hakipo." Kisha mama akamgeukia mwanawe. Alimkabidhi mkoba tu, kama mtu anavyomkabidhi mhudumu, akashikwa mkono akaingizwa ndani.

Bwana Ratiba alibaki kwenye benchi, mkoba kifuani. Alikuwa na wakati wote duniani, akautumia kusoma. Alisoma jumbe za mama yake tangu ya juu kabisa, zile ndefu na zile fupi, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Habari zote alizozikimbia zilikuwa humo, pamoja na paka. Alisahau kwamba hajala.

Mama alipotolewa, jicho moja lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Muuguzi alimketisha, akawaeleza namna ya kutia matone, akaondoka. Halikuwa limewahi kutokea jambo kama hilo, mama yake kukaa kimya.

"Mama, nisamehe," alisema mwisho, na safari hii polepole. "Zile salamu sikuwa nikiziandika mimi. Ilikuwa mashine."

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu ya kwanza. Wewe tangu nikuzae umeamka alfajiri lini? Enzi za shule nilikuwa nakumwagia maji ndipo uamke."

"Sasa mama, kama ulijua, mbona ulikuwa unaijibu? Mbona hata la hospitali uliiambia yenyewe?"

Mama alitengeneza mtandio wake begani. "Nikupigie, uko kikaoni. Nikufuate kazini kwako, nikuaibishe mbele za watu. Nikasema, basi, hiyo mashine inakaa mfukoni mwako, inalala na wewe, inakula na wewe. Ina bahati kuliko mimi. Nikawa naieleza yote. Nikasema labda siku moja atapita hapo asome."

Bwana Ratiba akalia, mtu mzima, mbele ya wagonjwa na walinzi, kwa sauti, bila kujali nani anamtazama.

Mama alipapasa mpaka akaupata mkono wake, akaushika.

"Nyamaza, baba," alisema. "Nyamaza basi, utaniliza na mimi. Daktari kasema jicho hili lisilowe."